Umemuoa, Sasa Mwandikishe



Leo tunaongea na vijana waliooa ng'ambo ya mpaka, na wale wanaopanga kuoa huko baada ya Idd. Si mnajua vile mambo huwa. Kijana wa Bulla Pesa ana shangazi yake Moyale, upande wa Ethiopia. Anaenda harusi ya binamu, anaona msichana, wazee wanakaa, mahari inakubaliwa, nikaha inafungwa kwa walii na mashahidi. Baada ya wiki moja bibi harusi yuko ndani ya basi, kilomita karibu 500 za lami mpaka Isiolo. Kwa dini ni mke wake halali, hakuna anayebisha. Kwa askari aliyesimama kwenye kizuizi cha barabarani, ni mgeni asiye na karatasi.

Miaka inapita. Anazaa, anauza maziwa ya ngamia sokoni, anaongea Kiswahili cha hapa kuliko wengi wetu. Akitaka laini ya simu, inasajiliwa kwa jina la mume. Akiumwa, anatafutiwa kadi ya wifi yake. Nairobi haendi kabisa. Kila akiuliza, mume anajibu, "Tutashughulikia, inshaAllah." Halafu mume anafariki, au wanakosana na talaka inatoka, na ndio watu wanaanza kuulizana: huyu mama ana kitambulisho gani?

Na yote haya yanatokea ilhali sheria iko upande wake. Kifungu cha 15 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu aliyekuwa kwenye ndoa na raia kwa muda wa angalau miaka 7 ana haki ya kusajiliwa kuwa raia, akiomba. Angalieni hayo maneno mawili. "Ana haki", kwa hivyo hapigiwi magoti afisa yeyote. Na "akiomba", kwa hivyo uraia hauji wenyewe. Unaweza kukaa kwenye ndoa miaka 30 ukabaki mgeni kwa sababu hakuna aliyejaza fomu.

Kabla ya 2010, katiba ya zamani ilimpa haki hiyo mwanamke aliyeolewa na Mkenya tu. Dada yetu aliyeolewa na Mtanzania au Myemeni hakuweza kumpa mumewe chochote. Sasa ni sawa kwa wote. Kwa hivyo dada, ukisoma haya usidhani ni ya wanaume peke yao.

Sasa tuje kwenye shida yenyewe, maana Katiba haina shida hapa. Shida inaanzia siku ya nikaha. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inataka ndoa iwe imefungwa kwa utaratibu unaotambuliwa Kenya, hata kama ilifungwa nje ya nchi. Nikaha yetu inatambuliwa. Sheria ya Ndoa ya 2014 ina sehemu nzima ya ndoa za Kiislamu, na ndoa hizo zinatakiwa kusajiliwa kama nyingine zote. Lakini afisa wa Uhamiaji hakuwepo kwenye walima yenu. Hakula pilau. Anachojua ni cheti. Miaka yako 7 inahesabiwa kwenye karatasi yenye tarehe, na wengi wetu tulifungishwa nyumbani na sheikh mzuri, mcha Mungu, ambaye si msajili na hakuandika popote.

Kama ndio hali yako, nenda ofisi ya Kadhi hapa Isiolo uulize ndoa yako itathibitishwa vipi na kusajiliwa. Nenda na mashahidi wangali hai. Tunasema hivyo makusudi. Mashahidi wa nikaha huwa ni wazee, na wazee wanaondoka.

Kuna jambo ambalo watu hawapendi lisemwe, tutalisema. Baadhi ya ndoa hazisajiliwi kwa sababu bibi wa kwanza hajui. Mke wa pili anawekwa Kulamawe au Kambi Garba, hana cheti, hana pasi, na mume anaona hivyo ndivyo salama. Salama kwa nani? Sheria ya 2014 inakubali ndoa ya Kiislamu yenye mke zaidi ya mmoja. Unayemwogopa si serikali, unaogopa maneno ya nyumbani, na gharama ya woga wako inalipwa na mwanamke aliyeacha kwao akakufuata.

Na asiwepo wa kusema, "Nitasubiri miaka 7 ifike ndio nianze." Katika hiyo miaka 7 yeye anaishi vipi? Ndoa peke yake haimpi kibali cha kukaa. Anatakiwa aingie kihalali, mpaka wa Moyale una ofisi za kugongewa pasipoti, kisha uombe pasi ya mtegemezi kwa jina lako. Ndoa ikifika miaka 3, sheria inamruhusu kuomba ukaazi wa kudumu. Hii wengi hawaijui kabisa, na ni kinga kubwa kabla uraia haujafika. Ukimwacha bila chochote, anahesabika yuko nchini kinyume cha sheria, na adhabu yake ni faini ya hadi shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Fikiria mama anayenyonyesha mbele ya hakimu kwa sababu wewe ulikuwa "unashughulikia".

Tunajua njia ya mkato. Inaongelewa wazi kwenye vibanda vya miraa. Unatafuta mzee wa Merti mwenye watoto wengi, bibi yako anaandikwa binti yake, chifu anaongeleshwa, kitambulisho kinatoka. Ndugu yangu, achana nayo. Kwanza ni ushahidi wa uongo, na unamvua msichana nasaba ya baba yake. Pili, umeua haki yake. Ataombaje uraia kama mke mgeni wa raia, wakati serikali tayari ina alama za vidole vyake kama mzaliwa wa Merti? Siku ikigunduliwa, hana cha kweli wala cha uongo.

Tatu, inatuumiza sisi sote. Wazee wetu walifanyiwa uchunguzi wa Wakenya Wasomali wa 1989, wakapewa kadi za pinki kuthibitisha wao ni Wakenya, ilhali wengine ni wajukuu wa askari waliopewa makao hapa Isiolo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Watoto wetu wameulizwa majina ya babu wa babu mbele ya kamati wakati mwenzao wa Nyeri anachukua kitambulisho na kwenda zake. Kila kitambulisho cha kununua kinampa afisa sababu ya kuturudisha kwenye ile foleni. Februari 2025 Rais Ruto alitangaza Wajir kwamba ule uchunguzi wa ziada kwa kaunti za mpakani umekwisha. Tuliupokea vizuri. Lakini msichanganye: tangazo lile linahusu raia wanaoomba kitambulisho, halimfanyi bibi kutoka ng'ambo kuwa raia.

Watoto wako ni raia wa kuzaliwa, kwa sababu mzazi mmoja Mkenya anatosha kwa Kifungu cha 14. Waandikishe vyeti vya kuzaliwa mapema. Wakifika miaka 18 wataulizwa karatasi za baba na za mama, na huko ndiko kesi nyingi hukwama.

Kuhusu talaka na kifo, sikilizeni vizuri. Akishasajiliwa kuwa raia, talaka haimwondolei uraia; Kifungu cha 13 kinasema haupotei kwa kuolewa wala kwa ndoa kuvunjika. Lakini akiachwa mwaka wa sita, mlango wa ndoa umefungwa. Hata wakati wa maombi sheria inataka wanandoa wawe wanaishi pamoja. Mjane naye hakusahauliwa, Sheria ya 2011 imemwekea nafasi yake, ila bado atadaiwa uthibitisho wa ndoa. Tunarudi kwa kile cheti.

Na kabla hajajaza fomu, mwambie ukweli wote. Ethiopia hairuhusu uraia mbili; akichukua wa Kenya, wa kwao ameuacha. Aliyetoka Somalia hali yake ni tofauti, katiba yao ya muda ya 2012 inasema hanyang'anywi uraia hata akiwa raia wa nchi nyingine. Huu ni uamuzi wake, si wako. Mpe nafasi aongee na baba yake.

Kwa serikali tuna neno pia. Mama wa Merti anatakiwa asafiri mara ngapi mpaka Nairobi kwa sababu ya saini moja? Kifungu cha 47 kinadai uamuzi wa haraka na wa haki, na anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi. Faili ikikaa kimya, andika barua, weka nakala yenye mhuri wa kupokelewa, na uje tukusaidie kuifuatilia. Tumechoka kusikia "njoo wiki ijayo".

Wiki hii, kama una bibi au mume wa kutoka nje, fungua kabati uangalie kama cheti cha nikaha kipo, na kama majina yaliyoandikwa yanalingana na ya pasipoti yake. Herufi moja tu, Halima na Haliima, imeshawahi kurudisha watu nyumbani. Kama cheti hakipo, ofisi ya Kadhi hufunguliwa Jumatatu asubuhi. Nendeni wote wawili.