Lami yaja Pangani: mvuvi asiuze hadi diko

Mto Pangani unapita Korogwe na kuishia baharini Pangani, mji mdogo wa wavuvi mkoani Tanga. Huko inajengwa barabara ya lami ya Tanga–Pangani–Saadani–Bagamoyo, pamoja na daraja kwenye mto ambao watu wamezoea kuuvuka kwa kivuko.

Lami ikisogea, madalali nao hawako mbali. Wanachotaka wengi ni kiwanja kinachotazama bahari. Hapo ndipo pa kuwa makini.

Kwanza, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Pili, chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, asiye raia hapewi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Akitaka kuandikisha kiwanja kwa jina la mwenyeji, shtuka.

Tatu ni maisha yenyewe. Hela ya kiwanja inaingia mara moja tu. Njia ya kwenda diko ikizungushiwa uzio, mvuvi atashushia wapi samaki kesho? Kabla ya kusaini, kijiji au mtaa utenge diko na njia yake, viingie kwenye ramani.