Gari la Nyumbani: Bolti Fupi kwa Rimu Nene

Sajini mmoja wa jeshi, mwenye mke na watoto watatu, alinunua rimu nne za aluminiamu siku chache kabla ya safari ya Krismasi kutoka Kampala kwenda Gulu. Gari lake ni Toyota Corolla iliyokwisha tumika Japani, na lilikuja na rimu za chuma zilizofunikwa kwa vikombe vya plastiki. Rimu mpya ziling'aa, na bei yake ilikuwa ya kuvumilika kwa kuwa muuzaji alizitoa pamoja na matairi. Matundu yake manne yalipangwa katika duara la milimita 100, sawasawa na ya gari. Fundi wa mtaani alianza kuzifunga jioni, majirani wa kambini wakitazama na kusifu.

Aliyeona kasoro ni mke wa Sajini. Yeye ni mshonaji wa sare za shule, na jioni hiyo alikuwa amesimama kando, nati zikiwa katika upindo wa kanga yake, akimpa fundi moja baada ya nyingine. Rimu za zamani zilipofunguliwa, kila nati ilizunguka mara nyingi kabla ya kutoka. Sasa nati iliyozungushwa kwa vidole iligota baada ya mizunguko minne.

"Fundi, mbona hizi zinaingia mara nne tu?" akauliza.

"Mama, zimekaza. Zitashika."

"Kifungo cha koti zito hakishonwi kwa uzi wa shati," akasema yule mama. "Nguo ikizidi unene, uzi lazima uongezwe."

Fundi alicheka na kumgeukia mumewe. "Afande, nitatia bomba kwenye spana nikaze zaidi." Sajini alinyamaza kidogo, kisha akamwambia asiguse kitu kingine mpaka kesho.

Yule mama alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua. Rimu ya chuma, pale inapobanwa na nati, ni bati gumu lenye unene wa milimita chache. Aluminiamu ni laini kuliko chuma, hivyo watengenezaji huifanya nene mahali hapo ili ipate nguvu. Bolti za gurudumu, ambazo mafundi huziita stadi, zimepandwa kwenye kitovu cha gurudumu kwa urefu uliokusudiwa rimu ya awali. Ikiwekwa rimu nene, unene huo hula sehemu ya bolti iliyopasa kushikwa na nati. Viwanda vya magari vinalijua jambo hili. Land Rover Defender, gari lisilo geni kwa askari, hupewa bolti ndefu zaidi linapofungwa rimu za aluminiamu. Toyota kwa rimu zake yenyewe za aluminiamu hutumia nati yenye shingo ya mviringo inayozama ndani ya tundu la rimu na kuifuata bolti huko iliko. Rimu za kununua mtaani aghalabu hazina nafasi ya nati kama hiyo.

Kipimo ambacho mafundi wengi hukifuata ni chepesi kukumbuka: nati ishike bolti kwa urefu usiopungua unene wa bolti yenyewe. Bolti ya Corolla ina unene wa milimita 12, na kila mzunguko mmoja wa hesi zake husogeza nati milimita 1.5. Basi nati yapasa kuzunguka mara 8 kamili, tangu hesi ya kwanza iliposhika hadi nati ilipogusa rimu. Magari mengi ya Subaru na Nissan yana bolti ya milimita 12 pia, ila hesi zake ni za karibu zaidi, milimita 1.25, na kwa hiyo yataka mizunguko 10. Mizunguko minne ya Corolla ya Sajini ilikuwa milimita 6, yaani nusu ya kinachohitajika. Na mtu anayeongeza ile sahani iitwayo spesa kati ya rimu na kitovu, ili magurudumu yatokeze nje kwa urembo, huzidisha upungufu huohuo: spesa ya milimita 5 peke yake hunyang'anya zaidi ya mizunguko mitatu.

Lile bomba la fundi lingedhuru tu. Hesi nne zikikazwa kupita kiasi hukatika kama uzi uliovutwa, au hubaki zimenyooka kiasi cha kudanganya mkono kwamba zimekaza. Wengi hudhani kuwa bolti hubeba gari kama mwanamke abebavyo ndoo kichwani. Sivyo. Nati inapokazwa, bolti hunyooka kidogo sana na kutaka kurudi, na kule kutaka kurudi ndiko kunakoibana rimu dhidi ya kitovu. Msuguano wa nyuso hizo mbili ndio unaobeba mzigo. Nguvu ya kubana ikipungua, rimu huanza kucheza, na bolti hupindwa huku na huku kila gurudumu linapozunguka. Tairi la kawaida la Corolla, 195/65 la inchi 15, huzunguka kama mara 500 katika kila kilomita. Kutoka Kampala hadi Gulu ni kama kilomita 330. Hiyo ni mizunguko ipatayo 165,000 kwa safari moja ya kwenda, na waya wowote ukipindwa na kunyooshwa mara nyingi namna hiyo hukatika.

Dalili huja mapema kwa mwenye kusikiliza. Usukani hutetemeka bila sababu ya tairi, na gari likienda polepole husikika mlio wa kugonga kama kokoto ndani ya kikombe. Askari wa usalama barabarani aliyezoea kutazama magurudumu huona mchirizi wa kutu ukitoka chini ya nati, au chuma kilichosuguka na kung'aa pembeni mwa tundu. Gari la namna hiyo halifai kuruhusiwa kuendelea, hata kama dereva ana haraka ya mazishi.

Asubuhi iliyofuata Sajini alimrudia fundi, naye, tofauti na jana, alikuwa tayari kusikiliza. Walifungua ngoma ya breki ya nyuma, wakagonga bolti moja kwa nyuma kwa nyundo ya shaba, ikatoka. Hiyo ndiyo njia iliyo salama ya kutafuta bolti ndefu: kwenda sokoni na bolti ya zamani mkononi pamoja na nati moja, si kutaja jina la gari tu. Muuzaji anayeambiwa "ya Corolla" atatoa ya Corolla, nayo itakuwa fupi vilevile.

Mambo ya kulinganisha ni machache, lakini yote yana uzito. La kwanza ni unene na hesi. Nati ya zamani iingie kwa vidole mpaka mwisho bila kulazimishwa. La pili ndilo linalowaponza wengi, nalo ni shingo yenye michirizi iliyo karibu na kichwa cha bolti. Michirizi hiyo hung'ata tundu la kitovu ili bolti isizunguke. Ikiwa nyembamba kwa sehemu chache za kumi za milimita, bolti itazunguka pamoja na nati, na siku ya pancha gurudumu halitafunguka. Ikiwa nene mno, kitovu chaweza kupasuka. Kwa hiyo shingo ipimwe kwa kalipa, isipimwe kwa macho. Tena urefu wa michirizi na umbo la kichwa vilingane na vya zamani, kwa maana kichwa kikubwa huweza kugusa vitu vilivyo nyuma ya kitovu. Mwisho ni urefu wenyewe. Kwa gari la Sajini milimita 10 za ziada zilitosha: zile 6 zilizokuwapo zingekuwa 16, yaani mizunguko zaidi ya 10.

Soko la Kisekka jijini Kampala linajulikana kwa vipuri vya magari, na Sajini alizunguka humo tangu asubuhi. Wa kwanza alimwonyesha bolti ndefu ya hesi za 1.25, akasema itaingia "kwa nguvu kidogo". Wa pili alimshauri apeleke chuma cha duara kwenye mashine ya kukereza, apate bolti za urefu wowote kwa bei ndogo. Ushauri huo ni wa hatari kuliko hata mizunguko minne. Bolti za magurudumu hufanywa kwa chuma cha nguvu, kilichopikwa kwa joto maalumu. Kiwango kinachotumika sana huandikwa 10.9. Chuma cha kawaida kikikerezwa hufanana nacho kwa sura, lakini hunyooka kinapobanwa na hakirudi. Wenye mashindano ya magari huagiza bolti ndefu za kampuni kama ARP ya Marekani. Mtu wa mshahara wa kawaida hutafuta za gari jingine zenye vipimo vilevile.

Muuzaji wa tatu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alitoa kalipa yake bila kuombwa. Alipekua makopo matatu na kupata bolti 12 zilizolingana kwa kila kipimo. Zilihitajika 16. "Hizi nne nyingine zimepungua shingo kidogo tu, Afande. Ziweke nyuma."

Ilikuwa imebaki siku mbili. Mama yake Sajini alikuwa amekwisha kuambiwa Gulu kuwa watoto wanakuja. Fedha iliyobaki mfukoni ilikuwa ya mafuta na ya karo ya muhula wa kwanza. Na majirani walikuwa wamekwisha kuzisifu rimu. Sajini alimpigia simu mkewe, naye akauliza swali moja: "Nyuma wanakaa akina nani?"

Alizinunua 12, akaacha zile nne. Rimu za chuma zilirudishwa kwenye gari kwa bolti na nati zake za zamani, na familia ilikwenda Gulu na kurudi kwa magurudumu yaliyofunikwa vikombe vya plastiki. Rimu za aluminiamu zilisherehekea Krismasi chini ya kitanda.

Yule mzee wa makopo alipiga simu mwezi wa pili, nne zilizobaki zimepatikana. Kazi ya kuzipanda ilichukua siku nzima, nayo haifai kuharakishwa. Nyuma ni rahisi, ngoma ikitoka. Mbele, katika baadhi ya magari, bolti ndefu haipiti kati ya kitovu na mkono wa usukani mpaka kitovu kigeuzwe kwenye nafasi maalumu, na kwa mengine hapana budi kitovu king'olewe kabisa kwa presi, ambapo beringi ya zamani huweza kuharibika. Ni vyema kuuliza jambo hilo kabla ya kukubaliana bei. Bolti mpya haipigwi nyundo kuingia. Huvutwa: huwekwa washa kadhaa zilizopakwa grisi, kisha nati ya kazi, si ile itakayotumika garini, inakazwa polepole mpaka kichwa cha bolti kilale sawasawa nyuma ya kitovu. Baada ya hapo grisi yote hufutwa, kwa kuwa hesi zenye mafuta hukazwa kupita kiasi bila mkono kujua.

Nati nazo zilibadilishwa. Rimu mpya zina matundu yenye mteremko wa koni, na nati yapasa kuwa na koni ileile, mara nyingi ya nyuzi 60. Nati ya Honda yenye umbo la mpira au ile ya Toyota yenye washa bapa hugusa koni hiyo kwa ukingo mwembamba tu, na hulegea. Mkewe alitaka nati zilizofungwa kichwani, zenye kung'aa. Hapo palikuwa na mtego mwingine: bolti ikiwa ndefu, ncha yake huweza kugota ndani ya kofia ya nati kabla nati haijaigusa rimu, spana ikadai kwamba imekaza kumbe rimu haikubanwa. Fundi alizungusha nati hiyo juu ya bolti isiyo na rimu, ikaenda mizunguko 13 kabla ya kugota. Kwenye rimu ilihitaji 10 na ushei. Mke wa Sajini alipata nati zake.

Zilikazwa kwa kupokezana, ya pembe moja kisha ya pembe iliyoikabili, na mwishowe kwa spana ya kupimia, kwa kiwango cha Corolla cha nyutoni mita 103. Kwa spana ya sentimita 40 hiyo ni kama kuning'iniza kilo 26 mwishoni mwa mpini. Mtu mzima anayesimama juu ya spana amekwisha kupita mara mbili.

Safari ya kwanza ilikuwa ya Pasaka, kwa njia ileile ya kaskazini. Walipoipita Luweero, kilomita kama 80 tangu nyumbani, Sajini aliegesha mahali pa tambarare penye kivuli na kuitoa spana ya kupimia chini ya kiti. Watoto waliteremka kuhesabu. Nati 14 zililia mara moja bila kusogea. Mbili za gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, zilisogea upana wa ukucha, kisha nazo zikalia.

"Ngapi?" mkewe akauliza kutoka ndani ya gari.

"Mbili."

"Rudia zote," akasema, na Sajini akaanza tena kwenye gurudumu la mbele.