Kua Haikujengwa kwa Sifa Tupu

Mwandishi mwenzetu amedai kwamba wajasiriamali na wasanii wanaosimulia hasara zao hadharani huwavunja moyo vijana. Kwake, waeleze mafanikio tu, basi. Nampinga, na shahidi wangu ni mji wa kale wa Kua, kisiwani Juani, Mafia.

Magofu yale ya mawe ya matumbawe na chokaa, misikiti yake na jumba lake la ghorofa, yangetosha kwa majivuno. Wazee wa huko hawakuishia hapo. Simulizi iliyodumu ni ya uhasama wa Kua na mji wa Kisimani: jahazi likashushwa majini juu ya miili ya watoto, kisha kikafuata kisasi cha arusi, wageni wakajengewa ukuta mlangoni hadi wakafa humo ndani. Iwe kweli au ngano, wazee walitaka tujue chombo kile kilishushwa kwa gharama ya nani. Hata mwisho wa mji hawakuuficha: mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava wa Bukini (Madagaska) waliuvamia, wakachukua mateka.

Vivyo hivyo, fundi wa majahazi wa Jibondo, kisiwa jirani, akisema wazi kuwa mbao zimepanda na mteja hajamalizia malipo, hamkatishi kijana tamaa. Anampa hesabu. Akifichwa, kijana ataijua akiwa tayari ndani ya deni. (Wanaoshangiliwa majukwaani, mbona wakopeshaji wao hawatajwi?)

Mwenzetu, siku ukimhoji tena mjasiriamali, muulize kwanza nani bado anamdai.