Nani amebaki na sauti ya nne?



Wakati wa Kwaresima nilikwenda kijiji kimoja wilayani Biharamulo kumzika mzee aliyenifundisha kuimba. Alikuwa mwalimu wa kwaya kwa zaidi ya miaka thelathini. Nyimbo zake alizitunga mwenyewe na kuziandika kwa nota za solfa kwenye madaftari ya shule. Baada ya mazishi, tukiwa tumekaa kivulini, mtu mmoja akasema tuuimbe ule wimbo wake wa kutolea sadaka, tumuage vizuri.

Hatukuweza. Vijana hawaujui. Madaftari yaliyowekwa stoo yalikwisha kuliwa na mchwa, na mengine, kama alivyokiri mtu mmoja asiyetaka kunificha, yalifungiwa karanga. Alibaki bibi mmoja aliyekuwa kwayani tangu usichana wake. Nikamwamkia, nikamwomba atuanzishie. Akaimba, na sauti yake bado ilikuwa imenyooka, lakini wimbo sikuutambua. Ulipanda kidogo, ukashuka, ukanyamaza, ukaanza tena. Aliponiona nimeduwaa akasema: "Mwanangu, mimi ni sauti ya pili. Sauti ya kwanza alihamia Geita. Ya tatu alifariki zamani. Ya nne ndiye huyo tumemlaza sasa hivi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Bibi yule hakuwa amesahau kitu. Aliimba sehemu yake yote bila kosa, na pale aliponyamaza ndipo wenzake walipotakiwa kujibu. Wimbo wa sauti nne haukai kwa mtu mmoja. Mungu ameugawa katika vifua vya watu wanne, na kila anayezikwa huondoka na robo yake.

Nina sababu ya kuumia kuliko wengine. Kwaya ile iliwahi kurekodiwa kwenye kaseti, na kaseti hiyo ilikaa nyumbani kwetu. Nilipokuwa kijana nilisokota karatasi, nikaziba vile vitundu viwili vya juu vinavyozuia kufuta, nikarekodi juu yake muziki wa dansi kutoka redioni. Sauti zote nne zilikuwa mle. Sikumwambia mwalimu wangu mpaka amekufa.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Kwaya zetu nyingi hupenda kuimba Aleluya Kuu wakati wa Krismasi na Pasaka. Imetungwa na George Frideric Handel, Mjerumani aliyehamia Uingereza, na ilisikika kwa mara ya kwanza mjini Dublin mwezi Aprili 1742. Muziki wa zama zile, kati ya miaka ya 1600 na 1750 hivi, wataalamu huuita wa Baroko. Handel hakusahauliwa. Lakini wenzake wengi walinyamaza kwa muda mrefu sana, na mmoja wao alikuwa padre.

Antonio Vivaldi alizaliwa Venezia, Italia, mwaka 1678, akapewa upadre mwaka 1703. Kwa miaka mingi alifundisha muziki katika nyumba ya kulelea wasichana yatima na walioachwa na wazazi. Alifariki Vienna mwaka 1741, akiwa maskini. Muziki wake mwingi ulipotea machoni pa watu kwa karibu miaka mia mbili.

Mwaka 1926, shule moja ya Wasalesiani huko kaskazini mwa Italia ilihitaji fedha za ukarabati, ikataka kuuza vitabu vya zamani vilivyokuwa mikononi mwake. Maktaba ya Taifa ya Torino ilimwita mwalimu wa chuo kikuu, Alberto Gentili, avikague. Ndani yake akakuta vitabu 14 vya nota za Vivaldi. Maktaba haikuwa na fedha. Akajitokeza mfanyabiashara Roberto Foà, aliyekuwa amefiwa na mtoto wake mdogo aitwaye Mauro. Alivinunua vitabu vile akaipa maktaba kwa kumbukumbu ya mtoto huyo.

Gentili alipochunguza zaidi akagundua kuwa alichoshika ni nusu tu. Ile nusu nyingine, kwa sababu ya kugawana urithi, ilikuwa Genova kwa ndugu wa familia ileile. Akaitafuta mpaka akaipata. Nayo ilinunuliwa mwaka 1930 na mwenye viwanda, Filippo Giordano, ambaye pia alikuwa amezika mtoto wake mdogo, Renzo. Nusu mbili zikakutana. Mwaka 1939 Gloria ya Vivaldi ikaimbwa Siena, na leo huimbwa duniani kote. Tangu mwaka 2000 kampuni moja ya Ufaransa, Naïve, imekuwa ikirekodi mkusanyiko ule wa Torino, tungo baada ya tungo, nyingi zikiwa hazijawahi kusikika na mtu aliye hai.

Tazama jinsi ilivyokuwa. Sifa kwa Mungu zilikuwa zimelala katika nyumba ya watawa, na zilizinduliwa na baba wawili wenye msiba.

Maandiko yanajua habari za namna hii. Katika 2 Wafalme sura ya 22, siku za mfalme Yosia, hekalu linakarabatiwa, na kuhani mkuu Hilkia anakuta kitabu cha torati. Anakikuta wapi? Ndani ya nyumba ya Bwana. Wapagani hawakukiiba, na adui hakukichoma. Kilipotea mikononi mwa makuhani waliokuwa wakiingia na kutoka humo kila siku. Vitu vitakatifu mara nyingi hupotea hivyo, kwa kuwekwa mahali pazuri na kusahauliwa.

Kuna kisa kingine ambacho watu wa Ngara watakielewa upesi. Domenico Zipoli, Mwitalia aliyezaliwa Prato mwaka 1688, aliacha kazi ya kinanda Roma akajiunga na Wajesuiti, akavuka bahari kwenda Amerika ya Kusini. Alifariki Córdoba, katika Argentina ya leo, mwaka 1726, kabla ya kupewa upadre. Nyimbo zake zilifika kwenye misheni za Wahindi wa nchi ile. Mwaka 1767 mfalme wa Hispania aliwafukuza Wajesuiti katika himaya yake. Mapadre wakaondoka. Wakristo wenyeji wa Chiquitos, katika Bolivia ya leo, wakabaki na vitabu vya nota, wakaendelea kuimba na kunakili. Miaka ya 1970, Hans Roth, msanifu majengo kutoka Uswisi aliyekuwa akikarabati makanisa yale, aliona hazina hiyo: zaidi ya kurasa 5,000. Leo kwaya za Bolivia zenyewe zimerekodi muziki huo na dunia inasikiliza.

Nasema watu wa Ngara watakielewa kwa sababu wao wanajua maana ya kuondoka na kubaki. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi. Anayekimbia kifo habebi daftari la kwaya. Kilichovuka kilivuka kifuani. Mwaka uliofuata, Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Ngara kituo cha Redio Kwizera, na jina lake kwa Kinyarwanda na Kirundi maana yake ni matumaini. Ni ndugu wa kiroho wa yule Zipoli. Wakati ule walijua kwamba mtu aliyepoteza nyumba anahitaji mahindi na turubai, na anahitaji pia kusikia sauti inayomwita kwa lugha yake.

Najua utaniuliza: padre, mchungaji au mzee wa kanisa anayehangaika na zahanati isiyo na dawa, kisima kilichokauka na ada za yatima, unamwambia akatafute madaftari? Ni swali la haki. Sina nia ya kulipuuza. Nitajibu kwa Handel tena. Fedha za ile siku ya kwanza Dublin zilikwenda kwa wagonjwa hospitalini na kwa wafungwa wa madeni, na watu 142 waliachiwa huru. Wimbo mzuri haukumnyang'anya maskini mkate wake. Ulimfungulia mlango wa gereza.

Tena, tusidanganyane kuhusu fedha. Kwaya zetu zinachangisha harusini na mnadani kwa ajili ya kinanda kipya, sare mpya na video ya kupiga kando ya ziwa. Sizipingi nyimbo mpya, kwa maana kila wimbo wa zamani ulikuwa mpya siku moja. Ninachouliza ni kwa nini wimbo wa mzee aliyetufundisha kusoma do-re-mi hauna hata picha moja ya simu, na ukiimbwa hautajwi jina lake.

Askofu Christopher Mwoleka, aliyeliongoza Jimbo la Rulenge tangu 1969 hadi 1996, aliamini sana jumuiya ndogo ndogo, Wakristo wachache wanaojuana kwa majina na kushirikiana maisha. Kazi hii ni ya kiwango hicho hasa. Jumuiya moja, Jumapili moja. Waulizeni wazee nani ana daftari. Lipigeni picha ukurasa kwa ukurasa, mchana, penye mwanga. Andikeni jina la mtunzi, kijiji na mwaka. Kisha waketisheni waimbaji wa zamani, murekodi kila sauti peke yake, halafu zote pamoja. Nakala moja ibaki kanisani, nyingine iende jimboni au dayosisi, ya tatu ikae kwa mtu mwaminifu, kwa sababu mchwa hawali nyumba tatu usiku mmoja.

Katika Yohana sura ya 6, Yesu akiisha kuwashibisha watu elfu tano anaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki, kisipotee chochote. Mwenye uwezo wa kuumba mikate anajali makombo. Vikapu vikawa 12. Kama Bwana alijali makombo ya shayiri, sidhani kama anadharau makombo ya sifa zake.

Jioni ile ya msiba tulimrekodi bibi kwa simu, sauti ya pili yote, tangu mwanzo hadi mwisho. Kijana mmoja akapiga simu Geita, na baada ya siku tatu sauti ya kwanza ikaingia kwa WhatsApp, ikitetemeka kidogo kwa umri. Tulipoziweka pamoja, bibi alishika mdomo akalia. Binti wa yule marehemu wa sauti ya tatu anasema baba yake alikuwa akiuimba wimbo ule akichunga, na anajaribu kukumbuka. Sauti ya nne bado hatuna. Ilikuwa kwenye kaseti yangu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kama uliwahi kusimama mstari wa nyuma katika kwaya yoyote ya Biharamulo au Ngara na besi yake bado iko kifuani mwako, usisubiri msiba. Leo baada ya ibada mtafute mjukuu mwenye simu, mwambie akae, umuimbie.

Jumapili njema.