Siri ya Mgonjwa Mbele ya Mashine

Daktari hawezi kutibu asichoambiwa. Mgonjwa afichaye kiasi cha pombe anachokunywa, au aonaye haya kukiri kwamba dawa alizopewa hakuzimaliza, humwachia mganga kazi ya kubahatisha. Mwaka 1966 Warner Slack na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walikwisha kuonyesha kwamba kompyuta yaweza kumhoji mgonjwa habari za maradhi yake. Siku hizi programu za namna hiyo zimepewa sura na sauti ya mtu: huitikia kwa kichwa na kuuliza kwa upole.

Je, mgonjwa aweza kuifungulia moyo sura isiyo na mtu nyuma yake? Wengi wetu tungekana upesi. Lakini jaribio lililotangazwa mwaka 2014 na Gale Lucas, Jonathan Gratch na wenzao, wa Chuo Kikuu cha Southern California, latufundisha vingine. Watu walihojiwa na sura ya mwanamke iliyochorwa na kompyuta. Baadhi waliaminishwa kwamba inajiendesha yenyewe, wengine kwamba yupo mtu anayeiendesha. Mwalimu wa sayansi atapendezwa na mpango huo, kwani kilichopimwa ni nguvu ya imani tu. Walioamini kuwa hakuna mtu waliogopa kidogo zaidi kujieleza, tena walionyesha huzuni yao waziwazi zaidi.

Nionavyo mimi, huko si kuiamini mashine. Ni kupumua baada ya kuondokewa na macho ya mwanadamu. Joseph Weizenbaum, aliyeeleza mwaka 1966 programu yake iitwayo ELIZA, alishangaa katibu wake alipomwomba atoke chumbani ili azungumze nayo peke yake. Programu hiyo haikuelewa neno hata moja; iliyageuza tu maneno ya msemaji yakawa maswali. Basi wingi wa siri zinazotolewa si ushahidi wa ubora wa mashine.

Tena mashine isiyo na macho ya kulaumu ina daftari lisilosahau. Mgonjwa anadhani hasikilizwi na mtu, kumbe majibu yake yaweza kusomwa kesho na daktari, na hilo ni jema. Lakini yakimfikia mwajiri au kampuni ya bima, amehadaiwa. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka habari za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Hata hivyo, sheria haimsaidii sana mgonjwa asiyejua kwamba anaandikwa.

Kwa hiyo, kabla ya swali la kwanza, mashine yenyewe haina budi kutamka, kwa Kiswahili anachokifahamu kila mtu, kwamba yenyewe si mtu, na ni nani atakayeyasoma majibu. Na mgonjwa atakayesema, “La, namtaka mtu,” asirudishwe mwisho wa foleni.