Katiba ya Zanzibar na Mtutu wa Bunduki: Nani Atatoa Hesabu ya Risasi?

Kila yanapotajwa marekebisho ya Katiba ya Zanzibar, watu hukimbilia vyeo. Nani awe Makamu wa Kwanza, nani wa Pili, chama gani kipewe wizara ngapi. Ndivyo yalivyozungumzwa Marekebisho ya Kumi ya mwaka 2010, na sisi hatuyabezi hata kidogo. Wazanzibari waliikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa kwa asilimia 66.4 katika kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, na mwezi uliofuata Baraza la Wawakilishi likaibadilisha Katiba. Lakini katika kugawana viti huko, kitu kimoja kiliachwa pale pale kilipokuwa, nacho ndicho kilichowazika watu wetu. Kitu hicho ni bunduki.

Sisi tunaunga mkono marekebisho ya Katiba ya Zanzibar yatakayoiweka bunduki ya serikali chini ya mahakama. Maneno ya marekebisho hayo tunayapendekeza wenyewe hapa chini, na atakayeweza kuyaandika vizuri zaidi karibu. Kwanza, hata hivyo, inabidi tuzungumze na ndugu zetu walioko Marekani, maana wao wanaitazama bunduki kwa jicho jengine.

Tarehe 8 Novemba 2022 wapiga kura wa jimbo la Iowa waliamua kuitia haki ya raia kumiliki na kubeba silaha ndani ya katiba ya jimbo lao, kwa kura zinazokaribia theluthi mbili. Iowa si mahali pageni kwa wasomaji wetu. Des Moines na Cedar Rapids wapo Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili nyumbani na makanisani. Louisiana ilikwisha tangulia mwaka 2012, Missouri na Alabama zikafuata 2014. Wengi waliosoma habari hizo waliona neno bunduki tu, wakafurahi au wakakasirika kila mtu na upande wake. Sisi tuliona jambo jengine. Marekebisho yale yamesema kwamba kila sheria itakayoipunguza haki hiyo ipitishwe katika uchunguzi mkali kabisa wa mahakama, yaani serikali ndiyo itakayothibitisha kwamba ilikuwa na sababu nzito isiyoepukika, na kwamba haikuvuka mpaka wa sababu hiyo. Raia hapaswi kuthibitisha chochote. Mzigo wote uko juu ya mabega ya serikali.

Uzito wa mambo uko hapo. Wenzetu wameutumia mzigo huo kumlinda mwenye kuimiliki bunduki. Sisi tunautaka umlinde anayeelekezewa.

Wapo watakaosema kwa nini tusiombe kama walivyoomba wao. Hapa Mabela, kwenye mabaraza ya baada ya Isha ambako kahawa na halua havikosekani, suala hili halifi: lau watu wa Pemba wangekuwa na bunduki zao Januari 2001, nani angethubutu kuwafyatulia risasi? Si suala la kijinga, na wanaoliuliza wengine ni watu waliopoteza ndugu. Lakini jawabu letu ni hapana.

Zanzibar imekwisha kujaribu kuziacha bunduki ziamue. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 zilitoka katika maghala ya polisi ya Ziwani na Mtoni, na kulipokucha nchi ilikuwa na serikali nyengine. Wako wazee hapa Seeb waliolelewa Unguja na wakaja kuzeekea Oman kwa sababu ya wiki chache zile, na wako wengine Unguja na Pemba wanaoyaita Mapinduzi hayo ukombozi wao. Hatukusudii kuufungua ubishi huo leo. Tunasema tu kwamba pande zote mbili zinajua namna bunduki iliyotoka ghalani inavyochukua miaka kurudi. Na huku tuliko historia haipishani sana. Muscat ilikuwa soko kubwa la silaha la bahari hii mpaka mwaka 1912, Sultani Faisal bin Turki alipoanzisha ghala la kuzidhibiti kwa shinikizo la Waingereza. Leo bunduki utaiona harusini, wazee wakicheza razha, na baada ya hapo inarudi kwa mwenyewe na leseni yake.

Tena tuwe wakweli. Kijiji chenye bunduki kumi hakiishindi serikali yenye elfu kumi, kinachofanya ni kuipa kisingizio. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 wafuasi wa CUF walitoka kudai uchaguzi wa Oktoba 2000 urudiwe na iandikwe katiba mpya. Walipigwa risasi Unguja na Pemba. Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka 2002, ilihesabu watu wasiopungua 35 waliouawa na zaidi ya 600 waliojeruhiwa, na wengine zaidi ya elfu mbili wakavuka bahari kwenda Shimoni, Kenya, wakiwa wakimbizi wa kwanza kutoka nchi iliyozoea kupokea wakimbizi wa wenziwe. Askari naye aliuawa, na damu yake ni damu. Lakini kilichoifanya dunia iulize, na kilichoipeleka CCM kwenye meza ya Muafaka wa tarehe 10 Oktoba 2001, ni kwamba umma ule haukuwa na bunduki. Ungekuwa nazo, habari ingeandikwa kwa jina la vita, na hakuna ambaye angeuliza nani alianza.

Muafaka ule ulizaa tume ya uchunguzi chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita. Ilifanya kazi, ikahesabu maiti. Hatukumwona askari hata mmoja akipandishwa kizimbani kwa risasi zile.

Sasa tuje kwenye Katiba yenyewe. Kifungu cha 121 kinaanzisha Idara Maalum za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na cha 123 kinampa Rais wa Zanzibar ukamanda mkuu wa idara hizo. Wazanzibari hatuziiti idara, tunaziita vikosi, na kila mtoto anazijua: KMKM, JKU, Chuo cha Mafunzo, Zimamoto na KVZ. Kazi zake kwenye karatasi ni kuzuia magendo, kujenga uchumi, kuwafunza wafungwa, kuzima moto. Lakini mwananchi anavijua vikosi zaidi kwa magwanda yao siku ya uchaguzi.

Hapa pana kichekesho cha kisheria ambacho hakijamchekesha mtu. Mwezi Novemba 2000 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Machano Khamis Ali na wenzake 17, iliamua kwamba kosa la uhaini haliwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi kwa kuwa Zanzibar si dola. Watu wale walikuwa wamekaa ndani miaka, wakatoka, na tulishukuru. Ibara ya 147 ya Katiba ya Muungano nayo inaipa Serikali ya Muungano ndiyo mamlaka ya kuunda majeshi. Kwa hiyo tuna serikali ambayo mahakama imesema si dola, lakini ina watu wenye sare, vyeo, kambi na silaha, chini ya kamanda ambaye mara nyingi ni mgombea katika uchaguzi huo huo wanaoulinda. Marekebisho ya Kumi yakaja kusema Zanzibar ni nchi. Vyema. Nchi basi itoe hesabu ya bunduki zake.

Baada ya 2001 hali ilibadilisha nguo tu. Wakati wa uandikishaji wa wapiga kura wa 2005 tulikuwa na vijana walioitwa janjawidi. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2015 kufutwa wakaja waliofunika nyuso, wananchi wakawaita mazombi. Mwaka 2018 Sheria ya Uchaguzi ya Zanzibar ikaleta kura ya mapema, siku nzima kabla ya wananchi, kwa ajili ya askari na watendaji wa uchaguzi. Na siku hiyo ya mapema, tarehe 27 Oktoba 2020, Maalim Seif Sharif Hamad alikamatwa kituoni Garagara alipokwenda kudai kupiga kura yake, wakati Pemba tayari inazika. Human Rights Watch ilitaja watu wasiopungua 14 waliouawa Zanzibar katika uchaguzi ule. Mara hii hata tume ya mfano wa Mbita hatukuiona. Mwezi Disemba Maalim akaingia serikalini kuwa Makamu wa Kwanza, na tarehe 17 Februari 2021 akafariki. Vyeo viligawanywa tena, na risasi zikabaki bila mwenyewe.

Tunapendekeza kifungu cha 121 kiongezewe maneno haya kwa maana yake: kwamba hakuna mtumishi wa Idara Maalum atakayemfyatulia risasi raia isipokuwa kuyaokoa maisha yaliyo hatarini wakati ule ule, kwamba kila silaha inayotoka ghalani iandikwe jina la aliyeichukua, aliyeamuru na idadi ya risasi, na daftari hilo liwe wazi kwa mahakama, kwamba kila kifo au jeraha la risasi lipelekwe mbele ya Jaji wa Mahakama Kuu ya Zanzibar ndani ya siku 14, awepo mlalamikaji au asiwepo, na kwamba mbele ya Jaji huyo serikali ndiyo ithibitishe ilikuwa haina njia nyengine. Siku za kupiga kura silaha za vikosi zibaki ghalani. Boti za KMKM ziendelee na doria baharini, hatuna ugomvi nazo.

Watakaopinga tunawajua kwa hoja zao. Wa kwanza ni mwanasheria, naye ana haki ya kusikilizwa kuliko wote. Atasema polisi na ulinzi ni mambo ya Muungano, yamo katika orodha tangu 1964, na Katiba ya Zanzibar haiwezi kumfunga askari wa FFU wala wa JWTZ, na risasi nyingi za 2001 zilikuwa za polisi. Ni kweli kabisa. Marekebisho haya yanafunga nusu ya mlango. Lakini nusu hiyo ndiyo iliyomo mikononi mwa Baraza la Wawakilishi bila kumwomba mtu Dodoma, na atakayetaka kuufunga mlango mzima atakuwa na mfano wa kuuonesha. Nusu ya pili tulitarajia iandikwe katika katiba mpya ya Muungano. Rasimu ya Jaji Warioba ikageuzwa, Katiba Inayopendekezwa ya Oktoba 2014 ikaahidiwa kura ya maoni tarehe 30 Aprili 2015, na kura hiyo haikupigwa. Kumngoja Warioba wa pili ndipo tuanze na KMKM ni kujidanganya.

Wa pili atatuonesha Kenya. Atasema: Wakenya wana katiba nzuri ya 2010, wana chombo huru cha kuwachunguza polisi, na bado Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 39 waliokufa katika maandamano ya Juni 2024. Ni kweli pia. Lakini atazame kilichofuata. Jeshi lilipotolewa mitaani tarehe 25 Juni, ibara ya 241 ililazimisha Bunge litoe idhini, Chama cha Wanasheria kikaenda mahakamani, na ndani ya siku mbili Jaji akaiamuru serikali itangaze jeshi litafanya nini, wapi na kwa muda gani. Mwaka uliofuata mchuuzi wa barakoa alipopigwa risasi Nairobi mbele ya kamera, polisi alifikishwa mahakamani kwa shtaka la mauaji. Watu bado wanakufa Kenya, hatukatai. Lakini pale kuna pa kwenda na maiti yako mbali ya makaburini. Mama wa Wete mwaka 2020 alikwenda wapi?

Wa tatu ni yule wa amani na utulivu. Atasema Zanzibar ilipita uchaguzi wa Oktoba 2025 bila ya yale yaliyotokea Bara, kwa nini tuchokoe? Ndugu huyu tunamwomba ayatazame hayo ya Bara. Kwa miaka mingi Mtanganyika aliambiwa mambo ya risasi siku ya kura ni ya Wapemba na siasa zao. Tarehe 29 Oktoba 2025 na siku zilizofuata risasi zilisikika Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, intaneti ikafungwa, na idadi ya waliokufa ikawa ubishi kati ya serikali, upinzani na mashirika ya nje. Rais Samia aliunda tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Sisi wa visiwani tulikwisha kuiona tume.

Theluthi mbili ya Baraza la Wawakilishi haipatikani bila ya wajumbe wa CCM, na hilo tunalisema bila ya kuficha. Kwao tuna hoja moja tu ya kuwapelekea. Miongoni mwao wamo waliostaafu vikosini, wamo wenye watoto KMKM na JKU. Kijana wa miaka 22 anayepewa bunduki asubuhi ya uchaguzi kwa amri ya mdomo, isiyoandikwa popote, ndiye atakayebeba peke yake jina la muuaji mtaani kwao, na aliyemtuma hatajulikana. Daftari la ghala litamlinda na yeye. Waheshimiwa wakilikubali hilo, walipeleke kwa wananchi kwa kura ya maoni kama walivyofanya Julai 2010, na suala la kwenye karatasi ya kura liwe fupi: je, unakubali serikali itoe hesabu ya risasi zake mahakamani, ndio au hapana?