Saa Moja Kabla ya Dansi
Nimesoma makala inayoshauri kwamba darasa la wanagenzi litangulie dansi, nami naafiki, ila nastaajabu mwandishi wake hakutaja ile desturi ya kubadilishana wenzi wa kucheza, ambayo kwangu ndiyo roho ya darasa. Kwani mimi, niliyeingia ukumbini na viatu vya mpira vinavyong'ang'ania sakafu, nilifundishwa salsa kwa hesabu ya nane, mguu ukitua katika moja, mbili, tatu, kisha tano, sita, saba, na kutulia katika nne na nane, wala sikuufahamu utulivu huo hata bibi mmoja wa makamo, zamu yake ilipowadia, aliponibana kiganja taratibu kila ilipofika nne. Taa zilipopunguzwa ili dansi ianze, nilikwisha kushika mikono ya watu 11, na haya (maradhi yangu ya tangu utotoni) ilinipungua kiasi cha kumwendea bibi yule kwanza.